Mwanagenzi wa seremala si mwanagenzi wa useremala

Mwanagenzi ni anayejifunza kazi kwa kuifanya. Mwanagenzi wa seremala ni mtu wa mtu. Ana fundi wake, na ukimtafuta unamuulizia kwa jina la huyo fundi. Mwanagenzi wa useremala ni mtu wa fani: huenda yuko karakana ya mtaani, huenda yuko kiwandani, huenda wiki hii yuko chuoni. Tofauti ni herufi moja, u, lakini ndiyo inayoamua kama unazungumzia nani anamfundisha au anafundishwa nini. Katika mazungumzo hakuna anayejali. Kwenye barua, mkataba au cheti inabidi ujali, maana cheti kinachosema mtu alikuwa "mwanagenzi wa fundi umeme" hakijasema kwamba alijifunza umeme. Kimesema tu alikuwa na fundi umeme.

Neno hili linastahili uangalifu zaidi ya linaopata. Magazeti yanalitumia, ofisi za serikali zinalitumia, na wapo wanaolitumia kufunika kibarua cha bure. Nianze na umbo lake, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapo.

Mwanagenzi, wingi wanagenzi, ngeli ya A-WA: mwanagenzi huyu anajifunza, wanagenzi hawa wanajifunza. Hali au mfumo wenyewe ni uanagenzi, na huo huchukua upatanisho wa U: uanagenzi wake umekwisha, uanagenzi mrefu, uanagenzi uliosimamiwa vizuri. Wengi huandika "uwanagenzi", wakiingiza w isiyo na kazi. Kanuni ni ileile ya maneno mengine yanayoanza na mwana-: mwanachama hutoa uanachama, mwanafunzi hutoa uanafunzi, mwanasheria hutoa uanasheria. Kiambishi u- huingia penye mw-, kinachobaki ni -ana-. Kosa lingine ni kudondosha n ya pili, "mwanagezi", na hilo hutokea kwa sababu watu wengi wamelisikia neno kabla ya kulisoma. Atakayekumbuka kwamba mkurugenzi naye anaishia vilevile hatakosea tena. Inafurahisha kidogo kwamba mkubwa wa ofisi na mgeni wa kazi wana mkia mmoja.

Neno hili halina kitenzi. Huwezi "kuanagenzi", wala huwezi "kumwanagenzisha" mtu, ingawa wapo waliojaribu. Husemwa kufanya uanagenzi, kuingia kwenye uanagenzi, kuchukuliwa kuwa mwanagenzi, au kwa lugha ya kila siku kabisa: amewekwa kwa fundi, anakaa kwa fundi, anajifunza kazi kwa fundi fulani. Haya ya mwisho ndiyo utakayoyasikia gereji. Hakuna kijana wa gereji anayejitambulisha kwa kusema "mimi ni mwanagenzi". Atasema "najifunza", au "niko kwa fundi", na wenzake watamwita spana boi. Kwa hiyo mwanagenzi ni neno la maandishi, la ofisi na la wanaojua lugha, na halipungukiwi kitu kwa hilo. Ila ukiliandika kwenye tangazo la kutafuta vijana wa kazi, ongeza maelezo, la sivyo watakaokuja ni wale waliosoma zaidi ya uliowahitaji.

Vitenzi vinavyolizunguka navyo vina mipaka yake. Kusomea ufundi ni kwa aliye darasani: anasomea umeme, anasomea ushonaji. Hicho kiambishi cha kutendea kinaonyesha lengo, kwamba anasoma ili awe kitu fulani. Kujifunza ufundi ni kokote. Kufundishwa na kufunzwa vyote vinafaa kwa kazi ya mikono. Funza tayari limebeba usababishi ndani yake, d ya funda ikawa z, kama vile linda linavyotoa mlinzi na penda linavyotoa mpenzi, wakati fundisha ni usababishi wa umbo jipya zaidi. Lakini kufundwa ni mahali pengine kabisa. Anayefundwa ni mwari, na anayemfunda ni kungwi. Ukiandika kwamba kijana "alifundwa useremala" msomaji wa pwani atatabasamu, na hatakuambia kwa nini. Mkufunzi naye si mwanafunzi. Ni yule anayefunza, hasa chuoni. Nimeona wanafunzi wakijiita wakufunzi kwenye barua za maombi, wakidhani neno linalofanana na mwanafunzi lakini refu kidogo kwa sauti ndilo la heshima zaidi.

Sasa maana.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 208 la mwaka 2023, liliweka sifa ambazo ukizipima utajua kama unachokiona ni uanagenzi: kuna makubaliano, kuna mafunzo yaliyopangwa, anayejifunza analipwa au anafidiwa kifedha kwa namna nyingine, anajifunza kazini na pia nje ya kazi, na mwishoni anapata sifa inayotambulika. Karakana nyingi za mtaani hazina yote hayo. Hazina darasa, na cheti ni neno la fundi tu. Hata hivyo wazungumzaji wa Kiswahili huita hali hiyo uanagenzi, na sioni sababu ya kuwakataza. Nguzo isiyoweza kuondoka ni moja: lazima kujifunza kuwe sehemu ya makubaliano yenyewe, hata kama ni ya mdomo. Fundi amekubali kufundisha. Asipokubali kufundisha, huyo kijana ana jina lingine.

Na majina yapo. Kwenye ujenzi Tanzania anaitwa saidia fundi. Kenya ni mtu wa mkono. Anachanganya zege, anabeba tofali, anachota maji, analipwa kwa siku. Huenda akajifunza, na mafundi wengi waliopo walipitia njia hiyo, lakini hakuna aliyemwahidi kumfundisha. Kwenye lori ni utingo au tandiboi, na wapo madereva wengi waliojifunzia hapo, tena kwa kuchungulia tu mguu wa dereva. Hao si wanagenzi. Kuwaita wanagenzi ni kuwapa jina zuri badala ya malipo.

Mfano wa uashi unaonyesha mpaka vizuri kuliko maelezo. Saidia fundi na mwanagenzi wote wanachanganya mota. Saidia fundi anaambiwa: ndoo moja ya simenti, sita za mchanga, ongeza maji kidogokidogo. Anafanya, basi. Mwanagenzi anaambiwa hivyohivyo, kisha anaambiwa kwa nini sita kwa tofali na nne kwa lipu, na kwa nini asidhani kuzidisha simenti ni kuzidisha nguvu: mota yenye simenti nyingi mno hukauka kwa kusinyaa na kuacha nyufa. Anaambiwa asichanganye zaidi ya kinachoweza kuisha katika muda wa kama saa mbili, kwa sababu simenti ikishaanza kushika, kuirudishia maji na kuikoroga upya kunairudishia ulaini bila kuirudishia nguvu. Kazi ya mikono ni ileile. Kilichoongezeka ni sababu.

Halafu kuna mpangilio. Mwashi anayefundisha kweli haanzishi mtu kwenye kona. Anamwanzishia kwenye mchanganyiko, kisha kupanga tofali katikati ya kozi, yaani safu moja ya tofali, ambako kamba tayari imefungwa na haiwezekani kupotea sana. Hapo anajifunza unene wa mota, karibu milimita 10, na kuhakikisha viungo vya wima vya kozi moja havikai juu ya viungo vya kozi ya chini. Baadaye anapewa nafasi za milango na madirisha. Kona ni ya mwisho, kwa sababu kona ndiyo inayoongoza ukuta mzima. Ikilala milimita 3 kila kozi, baada ya kozi 10 ukuta umelala sentimita 3, na kamba itafuata kona hiyo mbovu bila kusema kitu. Ndiyo maana timazi na pima maji humkaa mkononi fundi kwanza. Siku mwanagenzi anapokabidhiwa kona, na fundi akaondoka kwenda kufanya kitu kingine, uanagenzi umefika mahali.

Mpango huo unatoa kipimo kinachofaa kwenye fani yoyote. Ukitaka kujua kama mtu ni mwanagenzi au kibarua, uliza kazi anayofanya leo inatofautiana vipi na aliyoifanya miezi sita iliyopita. Kama alikuwa anasukuma msasa na bado anasukuma msasa, jibu umelipata. Kwenye ushonaji, uliza kama ameshakata kitambaa au bado anashona vifungo na kupiga pasi. Kukata ndiko kunakomtia fundi wasiwasi, kwa kuwa mshono mbaya unafumuliwa lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Kwenye umeme, uliza kama ameshafunga bodi ya usambazaji chini ya uangalizi, au bado anachimba mifereji ya mabomba ukutani tu.

Kuna makosa mawili ya matumizi yanayotokana na mpaka wa nchi, nayo si makosa hasa, ni tofauti. Magazeti ya Kenya huandika "madaktari wanagenzi" na "walimu wanagenzi" kwa waliokwisha kuhitimu na wanatumikia kipindi cha mazoezi kabla ya ajira kamili. Tanzania huwaita madaktari tarajali, au watarajali, na kipindi chao ni utarajali. Uanagenzi umebakizwa kwa ufundi wa mikono. Msomaji wa Dar es Salaam akiona "daktari mwanagenzi" anaweza kufikiri ni mtu asiyesomea udaktari anayejifunzia wodini, jambo la kutisha. Msomaji wa Nairobi akiona "daktari tarajali" anaelewa, ila linasikika geni kwake. Mimi naona mgawanyo wa Tanzania una faida: unatenganisha aliyemaliza darasa na anatafuta uzoefu, na anayejifunza kazi yenyewe kwa kuifanya. Lakini ukiandikia wasomaji wa nchi zote mbili, usidhani neno litajieleza. Ongeza sentensi moja.

Mwanafunzi wa chuo anayepelekwa kiwandani kwa wiki kadhaa si mwanagenzi pia, kwa mtazamo wa Tanzania. Yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Wenyewe husema wako fildi. Makao yake ni chuo, na kazini ni mgeni. Mwanagenzi makao yake ni kazini, na akienda chuoni huko ndiko anakokuwa mgeni. Pale ambapo vyote viwili vimepangwa kwa pamoja tangu mwanzo, sehemu chuoni na sehemu kwa mwajiri, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, VETA, huita uanagenzi pacha, na ni moja ya tafsiri chache za lugha ya ofisi ninazozipenda bila masharti. Pacha linasema kila kitu: viwili, vya umri mmoja, vinavyokwenda pamoja.

VETA yenyewe, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ngazi zake za tuzo ni tatu, I hadi III. Kenya mitihani ya ufundi husimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, nako gredi huhesabiwa kinyume: unaanza ya III, unapanda hadi ya I. Jambo dogo, lakini limewapotosha waajiri wanaosoma vyeti vya upande wa pili wa mpaka. Tatu ya Tanzania ni juu; tatu ya Kenya ni chini.

Kuna njia nyingine ambayo kila anayeandika kuhusu uanagenzi wa mtaani anapaswa kujua jina lake: kurasimisha ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza nje ya mfumo rasmi, akaongezewa pale alipopungukiwa, akapewa cheti. Si kozi ya kuanzia mwanzo, na anayerasimishwa si mwanagenzi. Ni fundi tayari. Kumwita mwanagenzi mtu wa miaka ishirini kazini kwa sababu tu ndiyo kwanza anapata karatasi ni kumkosea adabu, na matangazo ya mafunzo hufanya kosa hili mara kwa mara.

Baada ya uanagenzi kuna majina ya vyeo, na lugha ya ofisi Tanzania imeyapanga: fundi mchundo, juu yake fundi sanifu, kisha mhandisi. Fundi mchundo ni yule mwenye mkono, anayefanya kazi yenyewe. Fundi sanifu anapima, anasoma michoro, anasimamia. Mwanagenzi wa kawaida anaelekea kuwa fundi mchundo; hakuna haja ya kumwandikia kwamba anajifunza kuwa fundi sanifu kwa sababu sanifu inasikika vizuri. Mtaani vyeo hivi havipo. Kila mtu ni "fundi", na mteja mwenye adabu atamwita fundi hata kijana aliyeanza jana, kwa kuwa hiyo ni njia ya kumwamkia mtu penye kazi yake. Kijana anaitika, na fundi mkuu hachukii.

Upande wa matusi kuna maneno yanayochanganywa na mwanagenzi na hayapaswi. Limbukeni ni mtu aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza na anakionea ufahari. Linahusu tabia, halihusu kiwango cha ujuzi. Kanjanja ni anayejifanya fundi naye si fundi. Mwanagenzi hajifanyi: jina lenyewe limekwisha kukiri kwamba hajajua. Ndiyo maana washairi hulitumia kwa unyenyekevu, mtu akajiita mwanagenzi mbele ya malenga hata kama ana miaka mingi ya kutunga. Ni neno lenye heshima, na lisitumiwe kumshusha mtu. "Kazi ya kimwanagenzi" kwa maana ya kazi mbovu ni matumizi ninayoyaona yakiota, na nayapinga. Kazi mbovu ni kazi mbovu, hata ikifanywa na mkongwe.

Kwa wanaoandika mkataba wa uanagenzi kwa Kiswahili, lugha iwe nyepesi na vipengele visikose. Andika fani kwa jina lake, yaani uashi, ushonaji, uchomeleaji, wala usiandike "kazi za fundi" tu. Andika muda kwa miezi, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Andika posho, hata kama ni nauli na chakula tu, na siku inayotolewa. Andika saa za kazi. Andika nani analeta vifaa vya usalama na nani analipa matibabu ikitokea ajali, kwa sababu hapo ndipo makubaliano ya mdomo huvunjikia: mwanagenzi anapoumia, fundi hukumbuka ghafla kwamba "alikuja tu kujifunza". Andika kifaa kikiharibika nani anabeba gharama. Andika hatua za mafunzo, angalau tatu, na kinachothibitisha kwamba hatua imevukwa. Kuhusu umri, sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 hafanyi kazi za hatari. Mafunzo yanayosimamiwa kwa sheria yana nafasi yake humo, lakini kumwita mtoto mwanagenzi mdomoni tu hakumwingizi mtu kwenye nafasi hiyo.

Kosa la lugha linalorudi kwenye mikataba hiyo ni kumwita fundi "mwajiri" kwenye ibara moja na "mwalimu" kwenye nyingine. Chagua jina moja mwanzoni, kwa mfano "Fundi Mkufunzi", ulishikilie hadi ukurasa wa mwisho. La sivyo ikitokea mzozo, kila upande utashika ibara yake.

Na kuwe na daftari. Kila siku ya kazi iandikwe tarehe, kazi iliyofanywa, kifaa kilichotumika, kilichoharibika na sababu yake, kisha fundi atie saini. Hiyo safu ya sababu ndiyo wanayoiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. "Randa imechana mbao" haitoshi. "Randa imechana mbao kwa sababu nilikwenda kinyume na nyuzi zake na bamba lake la kukatia lilikuwa limetoka nje mno" inamwambia yeyote atakayesoma kwamba aliyeandika ameelewa.

Daftari hilo ndilo litakalosaidia kwenye wasifu wa kuombea kazi, ambako neno hutumika vibaya kuliko mahali pengine. Usiandike "Nimefanya uanagenzi katika karakana." Andika fani, muda, na kazi ulizozikamilisha mwenyewe: "Uanagenzi wa uashi, miezi 18. Nimejenga kuta za tofali kwa kamba na pima maji, kona nane chini ya uangalizi na nne peke yangu, na lipu ya ndani ya vyumba sita." Kama fundi wako yuko tayari kuulizwa, weka jina na namba yake, baada ya kumwomba ruhusa. Na kama kona hujawahi kukabidhiwa, usiiandike. Fundi wa upande wa pili atakupa kamba na timazi siku ya kwanza, kabla hata ya chai.